Ziba Mianya Yote

Wakati huo kazi yangu ilikuwa kukagua nyumba za kupangisha na kumwambia mwenye nyumba joto linatorokea wapi. Nilijiona mjuzi kwelikweli. Niliingia vyumba vya watu kule mtaa wa Huruma na kipimajoto changu, nikipapasa kuta kama daktari.

Ploti moja, safu ya vyumba vya kupangisha, ilikuwa ya mwalimu mstaafu, Mzee makini aliyenifuata chumba hadi chumba, kalamu nyekundu mfukoni. Katika chumba cha mwisho aliishi Mama muuza omena, dagaa wa ziwani, peke yake. Juu ya dirisha palikuwa na matundu mawili ya hewa, na upepo wa Julai uliingia bila kubisha hodi.

"Mwalimu, hii baridi itanimaliza," Mama alimwambia. "Hata blanketi tatu haisaidii."

Jiko lake la makaa lilikuwa nje mlangoni, likichemsha maharagwe. Nililiruka nikitoka. Sikuuliza jiko hilo hulala wapi.

Kwenye ripoti niliandika: ziba mianya yote inayoingiza baridi. Nilimaanisha nyufa za mlango na nafasi chini ya mabati. Matundu ya hewa sikuyataja. Nani asiyejua kwamba hayo hayazibwi? Ndivyo nilivyofikiri, mjinga mimi.

Wiki mbili baadaye nilikutana na Mama sokoni. Alinishika mkono kwa furaha.

"Sahii nalala vizuri. Mwalimu alipiga simiti kila mahali. Nyumba iko na joto, Mungu akubariki."

Kila mahali. Nilisikia neno hilo, nikafurahia sifa, nikanunua omena na kwenda zangu.

Jumamosi iliyofuata majirani walivunja mlango wa Mama asubuhi. Alikuwa ameingiza jiko ndani apate joto zaidi, kama wengi wanavyofanya hapa kwetu. Makaa yakishaiva hayatoi moshi wa kuonekana, lakini chumba kikikosa hewa, yanaua. Matundu yote mawili yalikuwa yamezibwa, kazi safi kabisa.

Baada ya mazishi Mzee alikuja ofisini na ripoti yangu. Neno "yote" alikuwa amelipigia mistari miwili kwa wino mwekundu. Natamani angenitukana.

"Nimesahihisha vitabu vya watoto miaka mingi," alisema polepole. "Hii karatasi yako nimeisoma tena na tena. Nilifanya vile uliandika. Nionyeshe mahali nilikosea."

Kisha akaninyooshea kalamu yake.