Sahani ya Bibi Rukia

Kama ulilelewa Kariobangi, Nairobi, enzi zetu, wakati mlango wa nyumba ulifungwa tu mvua ikinyesha, basi unajua kwamba chakula cha jirani kilikuwa kitamu kuliko cha kwenu. Kwetu ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe, Jumatatu, githeri Jumanne, na Jumatano mama aliikaanga upya akaiita jina lingine. Mlango wa pili, kwa kina Zuhura, kulinukia iliki.

Mimi na Zuhura tulikuwa chanda na pete, na nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Si kwa nguo, maana sote tulivaa sweta za shule zilizotoboka viwikoni. Nilimwonea wivu kwa watu wake. Baba yake alikuwa fundi wa redio karibu na soko, lakini kwao hasa kulikuwa Mombasa, Mji wa Kale, kwenye nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi. Wakati wa mapumziko, tukila mhogo wa kuchoma wenye pilipili, alitutajia ukoo wake bila kupumua: babu aliyetoka Hadramauti na gunia la kahawa, bibi Mbajuni, bibi mwingine aliyeletwa kutoka Bombay akakataa kurudi, na jirani wa ukuta mmoja, Mgoa aliyekuwa karani wa forodha wakati wa Waingereza. Kisha ananigeukia: "Na nyinyi je, Wambui?" Sisi! Watu wangu wote, nikihesabu hadi walipoishia, walitoka mteremko mmoja Murang'a. Tulisafiri mara moja tu, tena juu ya lori la viazi.

Hata kwenye kalongolongo, ule mchezo wetu wa kupikapika, sikupata nafuu. Zuhura alichora nyumba yao chini kwa mkaa: mlango kwanza, kisha baraza, kisha vile vishubaka vya ukutani wanavyoviita zidaka, ambamo bibi yake alipanga sahani. Yeye alikuwa mwenye nyumba. Mimi nilikuwa mpagazi wa kuleta mizigo kutoka bandarini. Siku moja nilichoka, nikaomba na mimi niwe mgeni niketi barazani.

"Kwetu mgeni alikuja na sahani," akasema. "Kila sahani iliyo kwenye zidaka ilikuja na mtu. Yako iko wapi?"

Neno hilo liliniingia, na halikutoka.

Bibi mwenyewe, Bibi Rukia, yule Mbajuni, alikuja Nairobi kila Ramadhani, akiwa na vyombo vyake kwenye kikapu, kila kimoja kimefungwa kwa leso. Hakuamini chakula kinaweza kukaa kwenye plastiki kikabaki chakula. Jua likikaribia kuzama alituma kaimati au mkate wa sinia kwetu, sisi Wakristo wa kwaya na vitenge vya Jumapili. Mama yangu naye alikuwa na sheria yake. "Chombo cha watu hakirudi kitupu hapa," alisema. "Kwani sisi ni nani?" Basi kilirudi na mukimo wa viazi vya kupondwa, au ndizi, au mayai ya kuku wetu wawili.

Tulipokuwa darasa la sita, kaimati zilikuja kwenye sahani nyeupe ya maua ya buluu, nyembamba hata ukiiinua juu mwanga unapenya. Niliijua kwa masimulizi ya Zuhura. Ilikuwa imetoka Uchina, ikapita Bombay, ikafika na yule bibi aliyekataa kurudi. Nilikula kaimati, nikaiosha, nikaifuta kwa sketi yangu na kuificha chini ya sanduku la nguo. Sitawaambia sikujua nilichofanya. Nilitaka na sisi tuwe na kitu kimoja tu kilichovuka bahari. Mama nilimwambia imeniponyoka, ikavunjika, na vipande nimetupa.

Sikuwahi kumwona akiaibika vile. Hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha. Alitoa sahani yake ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu, aliyopewa na mama yake siku ya harusi, akaijaza mukimo na kunituma niipeleke iwe badala.

Bibi Rukia aliipokea kwa mikono miwili. "Haidhuru mwanangu, sahani huvundika. Mwambie mamako asione haya."

Lakini mama aliona haya. Kila Ramadhani aliikumbuka sahani ile, na alikufa akiamini kwamba tuliwavunjia watu chombo chao. Zuhura aliolewa akarudi Mombasa. Mimi nilihama na sahani, Umoja, kisha Njiru, na sikuwahi kuipakulia hata wali. Binti yangu nilipomsimulia alicheka: "Mathe, hiyo ni wizi tu. Si ungewarudishia?" Huyo hajui jina la jirani wa mlango wa pili, na chipsi zake zinaletwa na boda boda, lakini ananifunza ujirani! Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli.

Mwaka jana Zuhura alinialika kwenye harusi ya bintiye. Nilishuka Mombasa na sahani imezungushiwa sweta. Mlango wa nakshi ulikuwa palepale, watalii wakiupiga picha, na wivu wangu ulikuwa unanisubiri kizingitini. Bibi Rukia alikwisha kutangulia mbele ya haki. Kabla hata salamu hazijaisha nilifungua sweta.

"Zuhura, haikuvunjika."

Akaipokea, akaiinua juu mwangani. Kisha akacheka hadi leso ikamtoka kichwani. "Bibi alijua, shoga yangu. Alisema ungeivunda kweli ungelia. Nawe ulikuja macho makavu."

Akanishika mkono, akanielekeza kwenye zidaka. Kati ya sahani ya Mgoa na sahani ya Hadramauti ilikuwepo ya mama yangu, ya bati, ukingo wa buluu umebanduka kidogo. Zuhura alisema Bibi Rukia alikuwa akiwaonyesha wageni wake: "Hii ilikuja na Wakikuyu wa Kariobangi."

Nilitamani mama angeiona. Niliketi barazani nikalia, machozi ya miaka yote yale.

Siku hizi huku kwetu sahani haiendi popote. Tumejenga kuta, tumeweka nyaya za umeme juu yake, na chakula cha mtu kinaishia kwake. Mtadhani angalau wivu wangu uliisha siku ile. Zuhura aliniuliza kama nataka kurudi Nairobi na sahani ya mama. Nikakataa upesi. Ile ya maua nilikuwa nayo miaka yote, na haikunipeleka popote. Ya bati imeishi ndani ya mlango ule tangu tuko darasa la sita, ikinukia iliki, ikitambulishwa kwa wageni. Ninaionea wivu hadi leo.