Mbegu ya Mkoko Kichwa Chini
Juzi, katika ofisi moja ya Msambweni, mama wa kikundi cha kupanda mikoko alikabidhiwa kitabu cha watoto kilichotokana na masimulizi ya kikundi hicho. Akalowesha kidole, akafungua, akasita kwenye picha ya mtoto akipanda mkoko.

"Mwanangu, mtoto huyu amechomeka mbegu kinyume. Ncha ndiyo huingia topeni."

Karani akapiga miayo. "Ni picha tu, mama. Vitabu vimeshachapishwa."

"Na asiyejua kusoma atafuata nini?"

Mama akakipindua kitabu, akakitazama tena. "Sasa mbegu imekaa sawa, lakini mtoto yuko kichwa chini, miguu juu."

Karani akamsogezea fomu. "Haya, andika hapa maoni ya wanajamii."

Nimechoka, wasomaji wangu. Maoni yetu huombwa wino ukishakauka.