Karatasi Iliyoanzia Langoni

Mtaani tunamwita Kipimo, na jina hilo alijipatia kwa mikono yake mwenyewe. Ni fundi wa mapazia. Ukimpelekea kitambaa atakipima mara mbili mezani, kisha atakuja kwako kupima dirisha, na kesho yake atarudi kulipima tena, eti jana huenda utepe ulilegea. Wateja wanamcheka, lakini sijaona pazia lake lililopwaya. Mimi nina mawili sebuleni, mwaka wa tisa huu, na sina la kulalamika.

Huyo mpima kila kitu hakujua kusoma. Namba alizimudu, maana bila hizo kazi ingemshinda, ila herufi zilikuwa zinampita tu machoni. Alipofikisha miaka hamsini na nane akaja kwenye darasa langu la watu wazima, akakalia dawati la mbele, akatoa penseli iliyochongwa kwa wembe. "Mwalimu, mimi sikuja kupiga soga," akaniambia. "Nataka nisome mwenyewe, nimechoka kusomewa na watu." Nikamwambia afunge mdomo, afungue daftari. Mimi ni mwalimu mstaafu na sipendi kufundishwa kazi yangu.

Kisa cha Kipimo kila mtu alikijua. Mume wake alikuwa mkataji katika kiwanda cha magodoro, yule anayekata sponji kwa kisu kirefu. Mdogo wake Kipimo, tumbo moja, alikuwa bawabu wa kiwanda hicho hicho. Dada mtu ndiye aliyemwombea kazi. Jioni moja karakana ikashika moto. Mkataji hakutoka. Ikaja ripoti yenye muhuri, ikasomwa msibani mbele ya watu, na ikajulikana kwamba bawabu alikuwa amefunga maji. Kijana wa watu akaapa na kuapa: "Nilifunga baadaye, moto umeshazimika, niliambiwa nifunge!" Nani angemsikiliza? Karatasi ina muhuri, yeye ana ulimi, na ulimi hauna mfupa.

Tangu siku hiyo Kipimo alimpa mdogo wake kisogo. Miaka kumi na tisa. Wanakaa mitaa mitatu tu kutoka mmoja kwa mwingine, lakini akimwona kwa mbali anavuka barabara, hata kama upande wa pili kuna tope. Watoto wa mdogo wake, wasichana wawili na mvulana, walimwamkia shikamoo mpaka wakachoka. Mkubwa wao alipoolewa, sote tulikwenda isipokuwa Kipimo. Nilipita kibandani kwake asubuhi ile nikamkuta amefunga mlango, cherehani inalia ndani.

Mimi nilimwona ana haki. Niliwahi hata kumwambia, "Shoga, kuna mambo hayasameheki." Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Basi. Mwaka wa pili wa darasa tukafika kwenye somo ninalolipenda kuliko yote, namna maandishi ya kutoa habari yanavyopangwa. Wanafunzi wangu walikuwa saba, watu wazima na akili zao, na niliwaambia kwamba kusoma maneno bila kujua mpangilio ni kuingia nyumba ya watu gizani. Kuna maandishi yanayofuata saa: hiki kilitokea, kisha kile. Kuna yanayofuata sababu, kwamba hiki kimeleta kile. Mengine yanaweka vitu viwili ubavu kwa ubavu, mengine yanataja tatizo halafu dawa yake, na mengine yanakutembeza tu mahali, huku kuna hiki, pale kuna kile. "Kabla hujaamini karatasi," nikawaambia, "iulize kwanza imepangwaje." Nikawataka kila mmoja aje na karatasi yoyote ya nyumbani kwake.

Siku ya kuleta karatasi tulicheka sana. Muuza mkaa alileta maelezo ya dawa ya kikohozi. Mwenye bucha alileta barua ya mwenye nyumba wake kuhusu kelele za shoka alfajiri, akaisoma yote kwa mbwembwe.

"Haya, imepangwaje?" nikamuuliza.

"Kwa vitisho, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko, mimi nikiwemo. Nikasema, "Na Kipimo je? Umetuletea nini?"

Akasimama. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka rangi, mikunjo imeanza kuachia. Hata kabla hajaikunjua niliuona muhuri upande wa nyuma, na kicheko kikanikauka. Niliijua karatasi ile. Niliwahi kuishika.

Siku ya msiba, ripoti ilipoletwa, watu walitafuta msomaji. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Mimi ndiye niliyesimama katikati ya wanawake waliokaa chini, nikavaa miwani, nikasoma. Na mzee mmoja aliponiuliza, "Kwa hiyo maana yake nini, mwalimu?" mimi ndiye niliyejibu.

Kipimo akaanza kusoma. Anasoma polepole, kidole kikitangulia.

"Hali ya eneo kama ilivyokutwa. Moja. Kando ya lango, koki kuu ya maji imefungwa. Bawabu amekiri kuifunga. Mbili. Uani, mpira wa maji umelala chini, hautoi maji. Tatu. Mlangoni mwa karakana, dari imeanguka na kuziba njia. Nne. Ndani ya karakana, magodoro yote yameteketea. Mwili wa mkataji umekutwa nyuma ya meza."

Pale ndipo nilipoishia mimi miaka ile, maana Kipimo alipiga ukelele akaanguka, na watu wakamkimbilia. Mistari miwili iliyobaki niliiona kwa macho, nikakunja karatasi. Kipimo hakuikunja.

"Tano. Sakafu ya karakana ina maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Sita. Ghala la jirani halikuungua."

Akaigeuza karatasi ituelekee.

"Miaka yote hii nilijua imepangwa kwa saa," akasema. "Maji yakafungwa, mpira ukakosa maji, dari ikaanguka, mume wangu akafa. Moja, mbili, tatu, nne. Hata ulivyoieleza, mwalimu, ulieleza hivyo. Juzi nimeipima mwenyewe na haikubali. Tazama mwanzo wa kila mstari. Lango. Ua. Mlango. Ndani. Sakafu. Ghala. Hakuna saa hata moja hapa. Hakuna kisha, hakuna halafu. Huyu mtu alikuwa anatembea, mwalimu. Kaanzia langoni kwa sababu kila mtu anaingilia langoni."

Akapeleka kidole kwenye mstari wa juu kabisa.

"Na hapo juu pameandikwa kama ilivyokutwa," akaendelea. "Yaani kila kitu kilishakwisha. Alikuta. Hakuona."

Mwenye bucha ndiye aliyeuliza, na aliuliza kama mtu anayejisemea. "Sasa hayo maji ya sakafuni yalitoka wapi, kama koki ilifungwa kabla ya moto?"

Maji ya kufika vifundoni! Yalimwagwa na mtu, kwa mpira ule, kutoka kwenye koki ile, moto ukiwaka. Kijana yule aliyaacha maji yatoke mpaka sakafu ikajaa, na aliifunga koki baadaye, kama alivyoapa. Mkataji alizibiwa njia na dari. Yote yalikuwa yameandikwa. Nilikuwa nimeyashika mkononi, na miwani nimevaa.

"Niambie nimekosea," Kipimo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwalimu, nakuomba. Niambie mwanafunzi wako kakosea."

Mungu anisamehe, nilitamani kumwambia kakosea. Neno moja tu, naye angekwenda zake nyumbani na miaka yake kumi na tisa ikiwa mizima, na mimi ningebaki na heshima yangu. Nikaichukua karatasi, nikaisoma mara mbili, nikitafuta pa kujishikiza. Sikupata. Nyani haoni kundule. Miaka arobaini nimewachapa watoto wa watu kwa kusoma bila kuelewa.

"Hujakosea," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilikuta namba, nikadhani namba ni saa."

Hakulia. Ningefurahi kama angelia. Alikusanya penseli na daftari akaviweka kwenye mfuko. "Twende," akaniambia. "Peke yangu sitafika."

Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado lipo. Tulipopita dukani, muuza duka alimwona Kipimo anakata kona ile asiyoikata, akasahau chenji ya mteja mkononi. Nilisimama mara mbili kujifanya nafunga kiatu.

Mdogo wake tulimkuta uani anatengeneza mguu wa kiti. Baada ya kiwanda kumfukuza hakuna aliyempa tena lango la kulinda. Amekuwa mtu wa kurekebisha viti na meza za majirani. Ana miaka hamsini na mbili, ukimwona utasema sabini. Aliinua kichwa, akamwona dada yake amesimama kwenye uwazi wa ua, na nyundo ikamtoka mkononi.

"Kuna nani kafa?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Kipimo baada ya miaka yote ile. Hakuweza kufikiria sababu nyingine ya dada yake kufika pale.

"Hakuna aliyekufa," Kipimo akasema. "Nimekuja kukusomea."

Akasimama vile vile uani, akasoma. Moja mpaka sita. Alipofika kwenye maji ya sakafuni aliurudia mstari tangu mwanzo. Kisha akamweleza, kama alivyotueleza darasani, lango, ua, mlango, ndani. Mdogo wake alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, mikono yote miwili imeushika ule mguu wa kiti.

Nikaona zamu yangu imefika. "Mdogo wangu," nikaanza, "siku ile mimi ndiye niliye..."

"Mwaka wa kwanza nilikataa," akasema. Hakuwa ananijibu mimi. "Mwaka wa pili pia nilikataa. Kila mtu nilimwambia niliambiwa nifunge, maji yanaingia ghalani, na shemeji ameshakufa. Nilimwaga maji mpaka mikono ikafa ganzi. Baadaye nikaanza kusema, labda. Labda nilifunga mapema, nikasahau. Mwalimu amesoma, karatasi ina muhuri, dada yangu mwenyewe kaamini. Mimi ni nani?" Akaugeuza ule mguu wa kiti. "Niliamini, dada. Nimekaa hapa miaka mingapi najua nimemuua shemeji."

Nilidhani nimeshashtuka kiasi cha kutosha kwa siku moja, kumbe bado. Nilijua nimemharibia jina. Sikujua kwamba hata kumbukumbu yake mwenyewe nilimnyang'anya. Kipimo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu, akakaa chini palepale kwenye vumbi la mbao, miguu imenyooka mbele.

"Nisamehe," akasema. "Mdogo wangu, nisamehe."

Sitatia chumvi hapa, hawakukumbatiana, wala hakumwambia yamepita. Alimtazama tu alivyokaa chini, uso wake haukunionyesha kitu. Nikasema moyoni nitafanya lile ninaloliweza, nikanyoosha mkono kuichukua karatasi. "Nipe mimi niisome tena," nikamwambia Kipimo. "Nitaisoma kwa watu wote, kama nilivyoisoma siku ile."

Mdogo wake akatikisa kichwa. "Wewe, mwalimu, kaa."

Nikakaa. Alivuta kiti kizima, akamwinua dada yake kwa kumshika kwapani, akamkalisha, akamwekea karatasi mapajani na kuinyoosha mikunjo kwa kiganja. Kisha akaenda mlangoni, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani.

"Tokeni nje wote! Njooni msikie. Shangazi yenu anasoma."