Kitanda cha Mgeni Hakitoki Chumbani Kwako

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukitia mavumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa, mama yangu mzazi alipoingia chumba cha wageni nyumbani kwangu, akapapasa kitanda alichoandaliwa, halafu akaketi sakafuni.

Ninakusimulia haya, mwanangu Neema, kwa sababu jana umenitumia picha za vitanda kwenye simu, ukaniuliza kipi kinafaa chumba cha wageni katika nyumba yenu mpya. Kimoja kina kichwa kirefu cha sponji kama kiti cha askofu. Kingine kimezungushiwa taa, sijui mgeni atakuwa analala au anauzwa dukani. Halafu chini ukaandika kwamba huenda msinunue chochote: mtajinunulia wenyewe kitanda kikubwa, na hiki mnacholalia sasa mtakihamishia kwa wageni. Niliposoma hapo niliweka simu mezani nikatoka nje kupunga hewa. Nimerudi, na nimeamua jambo hili nilimalize leo, maana najua mgeni wenu wa kwanza ni nani.

Wewe ulikuwa unatambaa wakati huo. Tulikuwa tumehamia nyumba yetu pale Kikuyu, plasta haijakauka vizuri, na bibi yako alikuwa Mlali, macho yote mawili yameingiwa na mtoto wa jicho. Alikuwa hamtambui mtu mpaka aongee. Mwanamke aliyelima mtama maisha yake yote sasa anashikwa mkono kupelekwa chooni. Nilikwenda hospitali hapa mjini, nikampatia nafasi ya kufanyiwa upasuaji Alhamisi, kisha nikapanda basi kwenda kumchukua. Muuguzi alinieleza mapema, tena kwa kusisitiza: baada ya upasuaji mama asiiname, asilale karibu na vumbi, asijikokote kuinuka kutoka chini. Akipuuza, jicho linaweza kuharibika moja kwa moja.

Huku nyuma baba yako akaandaa chumba. Nakuapia, hakuna mtu aliyekuwa na nia njema kuliko baba yako siku ile. Alifagia, akatundika chandarua kipya, na kwa kuwa tulikuwa tumepata kitanda kikubwa, akachukua kile cha zamani akakiweka chumbani kwa mkwe wake. Alichagua hicho kwa heshima. Kilikuwa mninga mtupu, kizito, mjomba wangu alituchongea kwa ajili ya harusi.

Mama hakuona kitanda, lakini mikono yake iliona. Alipapasa ubao wa kichwani, vidole vikafika kwenye ua alilochonga kaka yake, ua ambalo jani moja alilikosea likawa fupi. Hapo vikasimama.

"Hiki si kile chenu?" akauliza.

Nilikuwa ninakiona kwa mara ya kwanza humo ndani, sawa na yeye. "Ndicho, mama."

Aliketi sakafuni, akaweka kifurushi chake karibu na mlango, kimefungwa mafundo mawili, akaomba maji ya kunywa.

Sasa wewe umekulia mjini, na mume wako ni mtu wa mbali, kwa hiyo niliseme wazi. Kwetu mzazi halali kwenye kitanda alicholala mtoto wake na mwenza wake. Kitanda cha ndoa ni siri ya watu wawili. Ukimlaza mama mkwe hapo, umemvua nguo mbele ya mkwe wake, naye mkwe umemvua vilevile. Si uchawi, na wala mchungaji hawezi kukuombea likaisha. Ni haya tu, na mtu asiye na haya kwetu ni mtu gani?

Mama akalala kwenye mkeka. Asubuhi alikuwa ameshajifunga kanga ya safari. "Nipelekeni stendi," akasema. "Nimewaona, nimemshika mjukuu, inatosha."

"Na macho, mama?"

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Siwezi kulala kitanda cha mkwe wangu, halafu nirudi Mlali nikasalimiane na watu."

Mwanangu, methali ni kitu kizuri, lakini ikitumika dhidi yako inauma. Nilichuchumaa mbele yake nikamshika magoti. "Mama, katika nyumba hii hakifi kitu," nikamwambia. "Hayafi macho, haufi moyo. Nipe leo na kesho."

"Alhamisi ni keshokutwa."

"Ndiyo maana sijakaa."

Baba yako nilipomweleza alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikulia kwenye nyumba za reli, watoto sita chumba kimoja, kitanda kwao kilikuwa kitanda tu. Angependa kwenda kumwomba mama radhi, lakini mtu haendi kusimama uso kwa uso na mama mkwe wake akaanza kuzungumzia kitanda. Basi akaenda uani, akalipa dirisha mgongo, akaanza kuwarushia kuku pumba huku akiongea nao kwa sauti: "Jamani, mtu akikosea kwa kutokujua, si anasamehewa?"

Mama akajibu kutoka ndani, uso ameuelekeza ukutani: "Mwambieni huyo anayeongea na kuku kwamba sina kinyongo naye. Lakini kitanda ni kitanda."

Nilicheka, na moyoni nilikuwa nalia. Baba yako akataka kwenda mjini palepale akanunue kitanda cha futi sita kwa sita, chenye droo, mkwe wake alale kifalme. Nikamkatalia. Nilimwambia, "Cha kwanza umekichagua kwa moyo mzuri. Hiki nakichagua mimi, kwa goti la mama."

Mama alikuwa mfupi, unamkumbuka. Siku chache kabla ya hapo, kwa jirani mmoja, nilimwona shangazi yangu amekalia kitanda kirefu cha kisasa, miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani, anashindwa kushuka mpaka avutwe. Mtu mwenye bandeji machoni atashukaje hapo usiku akitaka haja? Basi nilimfuata mama uani alipokuwa amekaa kigodani anachambua mlenda kwa vidole, nikachukua ncha ya kanga, nikapima kutoka kisiginoni mpaka nyuma ya goti, nikapiga fundo.

"Unanipima jeneza, wewe?" akauliza.

"Nakupima kitanda."

"Fundi wa jeneza naye husema hivyohivyo," akasema, akaendelea na mlenda wake. Lakini niliona amesogeza mguu vizuri nipime tena.

Nikakufunga mgongoni nikaenda Kizota. Pale kwenye karakana za maseremala vitanda vilikuwa vingi, vimepangwa nje vinang'aa vanishi, vyote virefu, vyote vipana. Fundi mmoja mcheshi, mtoto wa mjini, jina lake Rajabu, akanizungusha kimoja hadi kingine. Kila nilichokiwekea fundo langu la kanga kilizidi kwa shibiri nzima. Kutengeneza kipya alitaka wiki. Nilikuwa nakaribia kulia nilipokiona kimoja ndani, kwenye vumbi la mbao: mninga, futi tatu na nusu kwa sita, chaga zimekaribiana, hakijapigwa vanishi.

"Hicho cha mteja, dada," Rajabu akasema. "Anakifuata kesho."

Nikakikalia.

"Dada, unakalia mali ya mtu."

"Mteja wako anaona?"

"Anaona vipi?"

"Macho yake. Yanaona?"

"Yanaona."

"Basi anaweza kusubiri."

Akacheka, akawaita wenzake waje wamwone mwanamke aliyegoma kitandani na mtoto mgongoni. Waje tu. Nilimweleza kila kitu, kuanzia Mlali mpaka kuku wa baba yako, na kadiri nilivyoeleza ndivyo kicheko kilivyompungua, kwa sababu naye ana mama mkwe. Mwisho akashika penseli. "Huyo mteja nitamtengenezea kingine. Lakini walau ulale ujaribu, usije ukanirudishia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Sitalala. Natingisha tu." Nikakitingisha kwa nguvu zangu zote. Hakikulia hata kidogo. Nikamwonyesha fundo kwenye kanga, nikamwambia akate miguu, aache nafasi ya unene wa godoro. Alisema kitaonekana kibeti. Nikasema kionekane kinavyotaka. Akataka kukipiga vanishi jioni ile, nikakataa, maana harufu ile haitoki siku mbili na mgonjwa hapumzishwi kwenye harufu ya rangi. Akipige msasa tu, mpaka kanga ipite bila kunasa. Sikuondoka mpaka alipomaliza. Godoro nililichagua gumu, lile ambalo ukikaa ukingoni halikumezi.

Kesho yake mchana mkokoteni ulifika nyumbani. Kile kitanda cha ua baba yako alikuwa ameshakirudisha chumbani kwetu, na kile kikubwa kipya akakisimamisha ukutani, kikakaa hivyo miezi. Tukakiweka cha mama mbali na dirisha, kichwa upande usiopigwa na upepo, na njia ya kwenda mlangoni ikawa wazi, hakuna meza wala stuli ya kujikwaa. Kisha nikamshika mama mkono.

Alipapasa ubao wa kichwani. Mtupu, hauna ua. Akapapasa kona zote, akanusa mbao.

"Nani amelala hapa?"

"Hakuna."

"Wewe?"

"Nimekikalia tu, mama, kwa fundi. Nilikuwa nimegoma."

"Kukalia si neno," akasema.

Akaketi taratibu. Nyayo zake zote mbili zikakaa sakafuni. Akasimama mwenyewe bila kunishika, akaketi tena, akasimama tena, kisha akaketi. Nilikuwa nasubiri aseme neno, hata la kulaumu. Alinyoosha mkono upande wa mlango, akataka kifurushi chake. Nikampa. Akakiweka mapajani, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili.

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu. Sikulia alipotaja stendi, wala sikulia Kizota. Nililia nilipoona yale mafundo yamefunguka, kwa maana nilijua mama anabaki.

Alhamisi akafanyiwa jicho la kwanza, na baada ya muda la pili. Alikaa kwetu mpaka mvua za kwanza. Asubuhi moja, bandeji zimeshatoka, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake akamwona baba yako anakatiza uani ameinamisha kichwa kwa adabu. Akaniita, akaninong'oneza, "Kumbe mkwe wangu ni mzuri hivi? Na nywele anakatwa na nani, mbona wamemwonea?" Kila alipokuja tena, miaka yote mpaka Mungu alipomchukua, aliingia chumba kile moja kwa moja, akafungua kifurushi kabla hata ya kunywa maji.

Sasa sikiliza. Hizo picha zifute. Chumba cha wageni si ghala la vitu mlivyovichoka, na kitanda mnacholala wewe na mumeo kibaki kwenu mpaka kiwaishie wenyewe, au mkiuze, au mkipasue kuni. Mgeni mtafutieni chake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nami nakuongezea kwamba kitanda chema si kichwa chake, hata kikizungushiwa taa za mji mzima. Kabla hujauliza kinapendezaje, jiulize nani atakilalia: ana magoti gani, atashukaje gizani, atamwonea haya nani asubuhi. Ukishamjua mtu, kitanda kinajichagua. Na ukishajua kinachomfaa, usikubali kuambiwa hakipo. Kikalie mpaka kipatikane. Baba yako ni mwema na alikosea, kwa hiyo wema peke yake hautoshi, lazima na kuuliza. Mgeni mwenye adabu hatakwambia. Atasema mgongo wake umezoea chini, atashukuru, ataondoka siku mbili kabla ya siku yake, na wewe utabaki unajisifu umekaribisha.

Mgeni wenu wa kwanza ni mimi, Neema. Nakuja Krismasi, na mume wako ni mkwe wangu. Magoti yangu siku hizi ni yale ya bibi yako, na ile kanga yenye fundo bado ninayo, nitakutumia kwa mtu wa basi. Kifurushi changu nitakifunga mafundo mawili. Nikifika nitakiweka mlangoni, nitapapasa kitanda, na sitasema neno. Wewe tazama mikono yangu tu.

Mungu aipe nyumba yenu wageni wengi, awape na moyo wa kuwajua kabla hawajafika. Anayeingia kwenu akiwa amechoka aamke ana nguvu, anayeingia haoni atoke anaona, na fundo lolote litakalowekwa mlangoni penu lisirudi njiani halijafunguliwa. Amina, mwanangu.