Mshirika wa Nyuma ya Pazia

Wapo watu wakikoroga sufuria, wanakoroga sufuria basi. Mwatum akikoroga halua husafiri. Mvuke wa iliki na zafarani ukimpanda usoni, macho yake hulegea, mwiko hujizungukia wenyewe, na yeye hayuko tena mtaani kwake Usagara. Yuko Pemba, uani kwa marehemu baba yake, bado msichana, kabla hajavuka na kaka yake Hamad kuja Tanga kutafuta riziki. Halua haimkatazi mtu kuota, mradi mkono usisimame.

Kazi waliianza pamoja. Mwatum aliuza bangili zake za harusi, ndoa yenyewe ilikwisha vunjika, na Hamad akauza kishamba chake cha mikarafuu. Wakanunua sufuria kubwa la shaba, wakapata nyumba yenye ua. Walikubaliana nusu kwa nusu, wakasoma Fatiha, wakawasha moto. Na nani angewaambia waandikishane, ndugu wa tumbo moja? Ingekuwa kutukanana.

Ila kupika halua, kwa mila ya kwao, ni kazi ya wanaume. Kwa hiyo Mwatum alikoroga uani, nyuma ya pazia, na Hamad akakaa barazani akiuza. Mji ukaisifu mikono ya Hamad. Mteja mdadisi akichungulia ndani na kuuliza kama naye Bi Mwatum yumo katika biashara, jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake: “Kazi ya kaka hii. Mie namsaidia tu.”

Alikuwa akimsitiri ndugu yake, na kusema kweli aliona raha. Miaka ikapita, neno likawa laini ulimini, hata akawa halisikii akilisema.

Hamad alipoanza kuumwa miguu, mwanawe Yakoub akashika baraza. Kijana mpole wa maneno, na upole wake huo ndio uliokera. Alitaka kuihamishia kazi Dar es Salaam, ikorogwe kwa mashine.

“Shangazi, umechoka,” alimwambia. “Nenda Pongwe kwa binti yako ukapumzike. Tutakuletea cha sabuni.”

Cha sabuni! Mwatum aligeuka kwa kaka yake, akingoja amkanye mwanawe. Hamad alikuwa akiitazama miguu yake iliyovimba, na aliendelea kuitazama. Hilo lilimuuma Mwatum kuliko maneno ya kijana. Akajifunga buibui, akaenda mahakama ya mwanzo kudai nusu yake.

Siku ya kesi majirani waliitwa kutoa ushahidi. Walikuwa watu wema na hakuna aliyesema uongo. Mmoja baada ya mwingine walieleza kuwa wamemsikia Bi Mwatum kwa masikio yao akisema kazi ni ya kaka. Kila aliyeshuka kizimbani alimpita akiinamisha macho, na Mwatum hakuweza kumlaumu hata mmoja.

Kisha akaitwa yeye. Mchana ulikuwa wa joto, panga boi likizunguka polepole juu ya kichwa cha hakimu. Mwatum alilitazama likienda, likirudi palepale, likienda. Mabega yakamlegea. Harufu ya zafarani ikaja, sijui ilitoka wapi, na ukuta wa mahakama ukawa kama pazia lililotiwa upepo. Alikuwa uani. Moto ulikuwa mzuri, halua inaanza kuvutika, na huko mbele mteja fulani wa kike alikuwa akimuuliza kitu kwa sauti ya upole.

“Bi Mwatum, biashara hii ni ya nani?”

“Ya kaka,” akajibu. “Mie namsaidia tu.”

Ndipo alipozinduka, akaona meza, akaona kalamu ya hakimu imesimama hewani.

“Mama, una hakika niandike hivyo?”

Mwatum aliitazama kalamu ile. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa. Nusu yake imekwenda, ua umekwenda, na ameutoa mwenyewe kwa ulimi wake.

Nyuma yake fimbo iligonga sakafu. Hamad alikuwa anajiinua. Yakoub akamshika kanzu, akamnong’oneza, “Baba, kaa. Tumeshinda.”

“Usiandike, mheshimiwa,” Hamad alisema. “Huyu anasema na wateja, hasemi na wewe. Mimi nilikuwa palepale barazani, nikimsikia, na sikukanusha hata siku moja.”

Watu waligeuka kumtazama: Hamad wa halua, ambaye hakuna harusi ya mji ule iliyomkosa. Mwatum aliona wanavyomtazama, na machozi yakamtoka. Akamwashiria kwa mkono, mbele ya hakimu, akimwomba akae, anyamaze, asijivunjie heshima.

Hamad alimwona. Akakaza fimbo, akabaki amesimama, na akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa watu waliokaa nje, “Mimi sijui kupika halua. Sijapata kuipika maisha yangu.”