Walivyomfungia Masanja

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mkoa, Mwanza, Afisa Utamaduni aliniangalia ninavyochonga penseli, akasema, "Binti, hapa tunaandika kinachosemwa mezani tu. Cha dirishani kiache huko huko." Sikumwelewa. Nilikuwa nimetoka chuoni na hati mkato yangu, yale maandishi ya vistari na ndoano ya kumfuata msemaji bila kuachwa nyuma, nikadhani kazi yote ni mkono.

Vijana, kazi ile ilichosha masikio. Nilihamishiwa Geita, nikarudishwa Mwanza, nikawaandikia wakubwa wapole na wakali, mpaka miaka ya tisini, soko huria lilipokuja na makampuni yakaanza kumwaga zawadi kwenye mashindano ya baiskeli. Watu wakaanza kuishi kwa pedali. Masanja wa Kigongo aliwazidi wote. Aliposhinda mfululizo, wenzake wakalalamika kwamba anatumia dawa za kuongeza nguvu, na serikali ikaunda kamati ya kumhoji.

Mkojo wake ulipelekwa nje ya nchi kupimwa, kwa kuwa sisi hatukuwa na maabara ya namna hiyo. Ilibidi kusubiri. Lakini nani angesubiri? Wauza samaki wa Mwaloni walikwisha kumhukumu, na siku ya kikao walijaa nje ya ukumbi pale Kirumba, vichwa madirishani.

"Kwenye chupa yako unaweka nini?" Mwenyekiti wa Kamati alimwuliza.

"Togwa, mzee. Anaikoroga mama."

Nje wakaangua kicheko. "Togwa gani hiyo inayopandisha mlima? Afungiwe!"

Afisa Utamaduni akasema, "Mwenyekiti, majibu bado. Tungoje."

Mwenyekiti alifuta jasho, akawatazama wale wa nje. "Tukiwaambia hawa wangoje, watasema tumehongwa. Afungiwe, majibu yatatukuta."

Nikaandika, kama tulivyofundishwa, kwamba kamati imetafakari kwa kina. Masanja aliniamkia wakati anatoka, "Shikamoo mama," nami nikaitikia marahaba nikiwa nimeinamia daftari.

Majibu yalikuja kwa simu, mashindano makubwa yakiwa yamepita bila yeye. Hakukutwa na dawa yoyote. Nilikimbilia kwa Mwenyekiti nikidhani atatangaza redioni.

"Mama, watu wameshasahau," akaniambia. "Tukitangaza tutawakumbusha." Akaondoa adhabu kimya kimya, akaendelea na chai yake.

Nikaenda Kigongo mwenyewe. Nilimkuta anapakia magunia kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Baiskeli alikwisha kuiuza. Nilimweleza, akatua gunia, akakaa juu yake.

"Asante, mama. Sasa wale walionizomea Kirumba nitawapata wapi niwaambie?"

Nikamshikia gunia, akalitwika tena.

Sasa nimestaafu, naishi Pasiansi, na vidole havinyooki tena. Kazi niliipenda, sitasema uongo, ila imenichosha kuliko umri. Redio ikitaja mwanamichezo anayetuhumiwa, majirani humaliza kesi kabla ya taarifa ya habari kwisha. Nikiuliza kama majibu yametoka, wananiona bibi msumbufu, nami siku hizi mara nyingi nanyamaza.

Masanja naye amezeekea Kigongo. Watoto wa pale humwita Mzee Dawa. Hawajui jina hilo lilitoka wapi, wamelikuta tu. Naye huitika.