Shahidi Asiyeliwa na Mchwa

Mimi ukungu siupendi. Wageni na wausifu wapendavyo, wapande milimani alfajiri na kamera zao. Mimi, niliyekuwa na studio ya picha mjini Lindi miaka mingi, nikiuona nafunga dirisha.

Chanzo ni asubuhi moja kwenye uwanda wa Rondo, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mama mkwe wangu aliishi peke yake pembeni ya nyika ya nyasi na vichaka. Tangazo lilikwishapita: lori lingemchukua asubuhi ile, na nyumba ingebomolewa ili asirudi. Nyumba haikumsumbua sana. Kilichomnyima usingizi ni kaburi la marehemu mumewe, chini ya mkorosho. Mashahidi yake, vile vibao viwili vya kichwani na miguuni, yalikwishaanza kuliwa na mchwa.

"Mwambie mumeo," alimwambia mke wangu, "nataka shahidi asiyeliwa na mchwa. Apige picha kaburi, na mkorosho, na kile kilima cha nyuma. Wajukuu wakija wajue pa kuanzia kutafuta."

Nilikuwa nimesimama karibu, nasikia kila neno. Lakini kwao mkwe hasemi na mkwe, wala hamtazami usoni. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa miguu yake na pindo la kaniki yake. Hata shikamoo yangu ilipitia kwa mke wangu, na marahaba ikarudi kwa njia hiyohiyo.

"Mwambie mama ukungu ni mzito," nilisema. "Tusubiri jua. Mkanda umebakiza picha moja tu."

Tukasubiri. Mkorosho ulikuwa ukionekana, mara umepotea. Mahali fulani mtu alikuwa anavunja kitu, pengine mlango, na kishindo kilisikika kama kinatoka kila upande. Mbwa wa jirani walibweka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na hapo nikaogopa kweli. Jogoo wa mama mkwe aliwika akiwa ndani ya tenga, miguu imefungwa.

Mama mkwe akasimama kando ya kaburi, amenyoosha mkono kulionyesha, asije mtu akakosea. Kamera yangu ilikuwa ya kutazamia kwa juu: unaishika tumboni, unainamisha kichwa, na picha unaiona kwenye kioo. Nikainama kwa adabu zote, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso. Alikuwa na paji pana kama la mke wangu. Alikuwa analia bila kujifuta. Niliona haya, lakini sikuweza kuacha kutazama.

Ghafla ukungu ukang'aa.

"Jua hilo!" mke wangu alisema. "Piga!"

Mwanga ulimwangukia mama usoni, wa njano, mzuri. Nikapiga. Ndipo nikasikia mngurumo, nikakumbuka kwamba mashariki ilikuwa mkono wangu wa kulia, na mwanga ule ulitoka kushoto. Zilikuwa taa za lori.

Mgambo walioteremka walikuwa wapole. Walimsaidia kupakia kinu na tenga la kuku, wakamwita bibi. Upole wao uliniudhi kuliko ambavyo matusi yangeniudhi. Lori lilipogeuza tulitazama nyuma, tukaona weupe mtupu.

Niliuosha mkanda ule Lindi. Taa zilikuwa zimeugeuza ukungu ukuta. Mkorosho haupo, kilima hakipo, kaburi halipo. Yupo mama mkwe peke yake, uso wote waonekana, ananyoosha mkono mahali pasipo na kitu.

Nilimpelekea picha hiyo kijiji kipya, kwa kuwa hakuacha kuiulizia. Nyumba yake ile ilikwishabomolewa, na mvua zilikuwa zimeanza. Huko juu nyasi hazingemngoja mtu arudi na kamera; zingelifunika kaburi. Aliishika picha, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Mke wangu alikuwa amekaa katikati yetu kama kawaida, tayari kupokea neno na kulipitisha. Mama hakumpa.

"Mkwe," aliniita mwenyewe. "Huyu ni mimi. Mume wangu yuko wapi?"

Nikaitazama miguu yake. Sikuwa na mtu wa kumtuma anijibie.